Kahawa ya Wifi Iliyonuka Dagaa

Wifi yangu Kokuhirwa ni mtu wa kukosea. Nasema hivi kwa heshima, na yeye mwenyewe akisoma hapa atacheka. Wapo watu wanaokosea wakafunika, na wapo wanaokosea wakawafokea wengine. Kokuhirwa akikosea anatoka uani anatangaza, ili jirani asije akaingia shimo lilelile. Mimi shule niliishia darasa la saba, lakini kwa niliyojifunza kwake tangu aolewe na kaka yangu Rwekaza kule Ijumbi, naona kama nilirudishwa darasani.

Alianza wiki ileile ya ndoa. Kwao ni Buganguzi, na mama yake alikuwa na utaratibu shambani: ndizi za kupika upande huu, ndizi za pombe, zile tunazoziita embile, upande ule. Kwetu migomba imechanganyika kama watu gulioni. Bibi harusi akakata mkungu mnono, akamenya, akapanga kwenye sufuria na maharage, akafunika kwa majani ya mgomba vizuri kabisa. Baba akatia tonge mdomoni. Sote tulimwona macho yakimtoka kwa ukakasi. Alimeza, kwa kuwa alikuwa mzee mwenye adabu, kisha akasema, "Mwanangu, hizi huku kwetu hatuzili. Tunazinywa."

Mwingine angekimbilia chumbani kulia. Kokuhirwa alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alizunguka shamba lote na baba mkwe, kila mgomba wa embile akaufunga ukanda wa ganda kavu, uwe alama. Siku hizi nusu ya kijiji wanafunga vilevile, na hawajui kwamba jambo lenyewe lilianzia kwenye sufuria ya nani.

Lakini ninayetaka kumwandika leo si Kokuhirwa wa ndizi. Ni Kokuhirwa wa kahawa.

Anatengeneza kahawa ya kutafuna, akamwani, ile tunayompa mgeni kabla hata hajaulizwa habari za safari. Anachuma buni kabla hazijawa nyekundu, anazichemsha na majani anayoyajua yeye, anazianika zikauke, kisha anazitia kwenye vipochi vya maganda makavu ya mgomba. Vipochi hivyo vilipata mahali pamoja tu pa kuuzwa mjini Bukoba: kwenye kaunta ya Mama Chetan. Jina lake ni Jashoda. Familia yake ni ya Wahindi wenye maduka ambao zamani walijaa mtaa mzima na sasa wamebaki wachache. Wasafiri wa Dar na Mwanza wanapita kwake kununua zawadi. Kahawa ile ndiyo inayomsomesha Nancy, binti wa Kokuhirwa, chuo cha uuguzi. Pale kwenye kaunta pakipotea, Nancy anarudi nyumbani. Hilo wote tulilijua, hata kama halikusemwa mezani.

Basi masika ya juzi mkeka wake wa kuanikia ulioza. Kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuchukua dagaa ziwani na kuuza magulioni, akajitokeza kama mkombozi.

"Chukua turubai langu," alisema. "Nimelifua kwa sabuni ya unga. Ni safi kuliko shuka zako."

Kokuhirwa alilinusa, akaona halina neno. Akatandaza, akamwaga buni, jua likawaka, mvua ikarudi, jua likawaka tena. Kahawa ikakauka vizuri, nyeusi, inang'aa. Akafunga vipochi, akampa mtu wa bodaboda apeleke mjini asubuhi na mapema.

Siku hiyohiyo nilifika mimi kutoka Rwamishenye kuwasalimia. Akanitengea kiti na kuniletea buni chache kwenye kisonzo, kile kikapu kidogo cha wageni. Nikatupia mdomoni. Nikatafuna. Nikaacha kutafuna.

"Wifi," nikamwambia, "hii umepika kahawa au umepika mchuzi?"

"Kwa nini?"

"Ina dagaa."

"Kahawa haina dagaa, wifi. Acha maneno yako ya mjini."

Akatafuna yeye. Hakusikia kitu. Akamwita Rwekaza, naye akatafuna, akatingisha kichwa kama daktari bingwa. "Nzuri kabisa," alisema. Nami nikatazama nyuma yake: magunia ya dagaa yamepangwa ukutani mpaka kwenye dirisha. Nyumba ile ilikuwa imenuka dagaa kwa miaka mingi, na wenyewe hawakujua hata kidogo. Wangejuaje? Pua ikishazoea kitu inakiacha, kama mtu anayelala karibu na mashine ya kusaga.

Akamwita Jovita, jirani wa ng'ambo ya barabara. Jovita aliweka buni moja tu mdomoni, akaitemea mkononi kwa adabu. "Mama Nancy," akasema taratibu, "ni ya kula na ugali?"

Hapo Kokuhirwa alikaa. Safari hii hakucheka.

"Mzigo umeshafika kwa Mama Chetan," alisema.

Wacha nieleze, kwa asiyejua. Nyumba ya Mama Chetan hawali samaki, hawali nyama, hata yai haliingii. Ni imani yao. Kati ya maduka yote ya Bukoba, dagaa wetu walikuwa wamekwenda kukaa juu ya kaunta ile.

"Nyamazeni tu," alisema kaka yangu. "Wasafiri wa Dar watajua nini? Watadhani ndivyo ziwa letu linavyonukia."

"Wewe ndiye uliyesema turubai ni safi kuliko shuka," nikamwambia. "Kaa kimya, au kalale kwenye turubai lako."

Kokuhirwa alikuwa ameshavaa kitenge kizuri. "Naenda," alisema. "Wifi, utanisindikiza? Nikishikwa na woga unisemee."

Tukapanda basi. Karibu na mjini akaniuliza, "Akisema nisirudi tena, nitamwambia nini Nancy?" Nilimshika mkono tu.

Tulipofika, jambo la kwanza tuliloona ni paka. Walikuwa wamekaa barazani kwa Mama Chetan kama wazee wa baraza wanaosubiri kikao kianze, na katikati yao kulikuwa na kapu letu la vipochi. Lilikuwa limekwisha kutolewa nje.

Mama Chetan alikuwa kaunta, miwani puani. Kokuhirwa hakungoja kukaribishwa.

"Shikamoo, Mama Chetan. Kahawa niliyoleta leo ni mbaya. Niliianika kwenye turubai la dagaa. Sikujua, pua yangu imezoea. Najua nyumba hii hamgusi samaki. Nimekuja kuichukua, na nimekuja kuomba radhi."

"Marahaba," alisema Mama Chetan. Akavua miwani. "Mimi najiuliza tangu asubuhi, paka wa Bukoba wameanza lini kutafuna kahawa?"

Chetan, mwanawe, aligeukia rafu ili tusimwone akicheka.

"Kuna walionunua?" Kokuhirwa aliuliza.

"Wawili. Mmoja amerudi."

Nikadakia, "Amerudi kudai?"

"Amerudi kuuliza kama na dagaa wenyewe tunauza."

Chetan alishindwa, akacheka wazi. Mimi nikafuata. Kokuhirwa alisimama palepale, mikono ameishika kifuani, anasubiri hukumu.

Mama Chetan akaiweka miwani juu ya kaunta. "Nimefuta kaunta hii kwa limau, nikafuta kwa siki, nikawasha udi. Nilikuwa nimeshamwambia Chetan akupigie simu, na nilimpa maneno ya kusema, hayakuwa maneno mazuri. Sasa umekuja mwenyewe, umeyasema yote kabla yangu. Mimi nimebaki na nini?"

"Sema tu, mama. Nimestahili."

"Ondoa kapu hilo. Hapo kwenye kaunta pabaki patupu mpaka ulete kahawa nyingine. Juzi kuna mama ameniletea korosho zake, nitamwambia asubiri. Lakini ukileta, nitainusa mimi kwanza, mbele yako."

Kokuhirwa alipiga goti palepale dukani. Mama Chetan akamwambia ainuke, sakafu haijapigwa deki.

Turubai lilirudi kwa mwenyewe, kahawa mbovu ikaenda kwenye shimo la mbolea. Kokuhirwa alisuka mkeka mpya na kuanikia mbali, uani kwa Jovita, ambako hakuna gunia hata moja. Na akanipa mimi cheo. "Pua ya mwenye nyumba haina kazi," alisema. "Kuanzia sasa mzigo hautoki mpaka mtu wa nje ameunusa." Kwa hiyo nilikwenda Ijumbi kunusa kahawa kama ofisa wa serikali. Mimi mwenyewe sasa sipeleki maandazi yangu gengeni bila jirani kuonja, maana niligundua kwa aibu kidogo kwamba jiko langu lina harufu ya mafuta ya taa ambayo nilikuwa siisikii. Hilo nisingelijua bila yeye.

Tulipeleka mzigo mpya pamoja. Kwenye kaunta palikuwa patupu kweli, pamefutwa, pamewekwa karatasi safi. Kokuhirwa akafungua kipochi, akatafuna buni moja yeye kwanza, kama tunavyomfanyia mgeni ili ajue hatumpi kibaya, kisha akampa Mama Chetan kwa mikono miwili. Mama Chetan akanusa. Akanusa tena. Chetan alisimama na kalamu sikioni, mimi nimeshika kapu.

Akaitia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Panga," alimwambia mwanawe. "Mstari wa mbele."

Kisha akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi, tukainywa tumesimama huku watu wakipishana nasi. Kokuhirwa alisema asante kwa Mama Chetan, akasema kwa Chetan, akanigeukia mimi akasema asante, akaanza tena kwa Mama Chetan, mpaka yule mama akamwomba anyamaze, wateja wanashindwa kuuliza bei.