Skrubu Moja Katika Mchanga Mweusi

Anayedhani chuma ni chuma tu asije kwenye meza yangu. Saa ile ilikuwa ya chuma kitupu. Uso wa gamba lake ulikuwa na mistari myembamba iliyolala upande mmoja, pembeni pamesuguliwa mpaka pakang'aa kama maji, na pale sehemu hizo mbili zilipokutana, ukingo ulinyooka hata ukucha uliusikia. Nilipofungua mgongo nikakuta mistari kama ile ndani, mahali ambapo mwenye saa hapaoni maisha yake yote. Aliyeitengeneza hakutaka kumdanganya hata asiyeangalia. Nilimpenda mtu huyo.

Mwenye saa alikuwa amelala kitandani huko Munigi. Kiharusi kilimnyang'anya sauti, akawa anagonga tu kifundo cha mkono siku nzima, mpaka mkewe akaelewa kwamba anataka saa yake. Ilikuwa imesimama. Mama huyo akaniletea kibandani kwangu, mtaa wa Birere mjini Goma, akakaa kigodani mbele yangu.

"Papa, kama hasikie inatembea, anakatala kula."

Nikaisafisha, nikatia mafuta, ikabaki skrubu moja, ndogo kuliko punje ya ulezi. Pikipiki ikapiga honi mlangoni, kibano kikateleza, skrubu ikaruka. Nyingine kama ile haipatikani Goma. Na sakafu ya kibanda changu ni mchanga wa volkano.

"Usinyanyuke!" nilimfokea. "Usisogeze hata mguu!"

Nikachukua sumaku ya spika iliyokufa, nikaipitisha chini polepole. Ikarudi imeota manyoya meusi. Akili ni nywele, na siku ile mimi nilikuwa na kipara: mchanga wa huku una chuma ndani yake, mtoto yeyote wa Goma anajua. Nikaitupa sumaku mbali, isije ikaitia saa wazimu.

Jasho lilinitoka. Mama alikuwa anasali kwa sauti ndogo, nami nilitamani kumwambia anyamaze. Kisha akavua kitambaa cheupe cha kichwani, akakitandaza.

"Leta muchanga hapa, kidogo kidogo."

Tukapiga magoti, tukaueneza kwa ncha ya wembe. Shingo iliniuma, macho yakatoa machozi. Mwishowe kitu kikametameta kwenye kitambaa. Kichwa cha skrubu nacho kilikuwa kimesuguliwa kama kioo.

Saa ikatembea. Mama akaiweka sikioni, akafumba macho. Nikamuuliza mkanda uwe na ukubwa gani. Akakunja kidole gumba na cha shahada kunionyesha. Nikatoa pingili mbili za mkanda.

"Bado, papa."

Nikatoa nyingine.

"Bado."

Niliudhika, nikamwambia mkono wa mtu mzima hauwezi kuwa mwembamba hivyo.

"Niko naunawisha kila siku," akajibu.

Niliona haya. Nikatoa nyingine mbili. Alizikusanya zote, akazifunga kwenye pindo la kitenge, fundo mara mbili.

"Nitazichunga," akasema. "Akinona tena, utazirudisha zote."