Tembo Aliyemwamkia Mzee Wambura

Jamani, mimi nilishaapa haya siyasemi, lakini kwa kuwa kijiji kizima kinayajua na watoto wameshayatungia wimbo, bora mnisikie mwenyewe kabla hamjatiliwa chumvi huko. Mimi Rhobi, mwalimu, binti wa watu wa heshima pale Nkende, Tarime mjini, nimewahi kukimbizwa shambani na mbwa na watu wazima wenye mapanga nikiwa nimevaa gunia. Hata leo nikiwa peke yangu jikoni nikikumbuka, najikuta nafunika uso na mwiko mkononi.

Iko hivi. Nilikuwa mwalimu wa kujitolea, darasa la kwanza, kwenye kijiji kimoja cha Serengeti ambacho ukimaliza mashamba tu unaingia hifadhini, na huko ndiko kwao Machaba, mchumba wangu, ambaye yeye anauza spea za pikipiki Tarime. (Msiniulize kama nilipelekwa huko au niliomba. Niliomba.) Jumamosi ya wiki ile ndiyo nilitakiwa kutambulishwa kwao, na Machaba alishanionya kwamba mama yake hana neno, ila baba yake, Mzee Wambura, hataki kusikia habari za mabinti wa mjini, anasema hawana adabu, wanawapita wazee kama wanapita nguzo za umeme, na mzee akikataa basi ndiyo imekwisha, yeye hawezi kwenda kinyume na baba yake. Basi wiki nzima natembea na kitenge mpaka chini, naamkia kila mwenye mvi, roho iko juu.

Sasa Alhamisi nina somo la wanyama wa kwenye bustani ya wanyama, na chuoni tulifundishwa kwamba mtoto anajifunza kwa mchezo. Nikapanga madawati yawe vizimba, kila mtoto akawa mnyama ndani ya kizimba chake, halafu mmoja anakuwa mgeni, anapita anauliza unakula nini, mkia wako ukoje, mpaka amtambue. Simba aligombaniwa mpaka vifungo vya mashati vikang'oka. Nyani wakapatikana wengi (hao hata bila mchezo walikuwepo). Tembo, hakuna anayemtaka. Nikamuuliza Bhoke, mtoto mpole kabisa, kwa nini hataki, akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Mwalimu, tembo alikula mahindi yetu."

Hapo ningemwacha tembo nikaendelea na twiga, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Mimi nikasema basi, mwalimu ndiye atakuwa tembo.

Nilikuwa nimeshona magunia pamoja, masikio ya boksi, mkonga wa kipande cha mpira wa kumwagilia. Nikatoka nje, nikaingia humo, nikamwambia kiranja anifunge kamba mgongoni, naye akanipiga fundo la kufungia ndama. Nikajitokeza mlangoni nachezesha mkonga, nasubiri mgeni aniulize ninakula nini.

Aulize nani? Watoto wale tembo hawamjui kwa picha, wanamjua kwa kuwamalizia chakula, na akija wanajua kinachofanywa. Wakakamata kila kinacholia, ndoo ya takataka, mifuniko, madawati, wakapiga huku wanaita tembo, tembo, kwa sauti ileile ya nyumbani, wengine wanacheka, wengine sijui. Nikawaambia wanyamaze, sauti ikatoka kwenye gunia kama mngurumo, wakazidisha. Na mahindi ndiyo yalikuwa yamekomaa, kijiji kizima kinalala jicho moja, kwa hiyo watu kusikia madebe shuleni mchana kweupe waliacha kila kitu wakaja.

Nikawaona kupitia tundu la jicho, wanaume, akina mama, mbwa. Nikaona bora nikajivulie mahali pa siri kabla hawajanifikia, nikakimbilia shamba la shule. Sasa hebu fikiria, umeitwa kwa yowe la tembo, unafika unaona mahindi yanatikisika. Wakanizunguka. Nikajikwaa kwenye tuta nikaanguka, fundo la ndama halifunguki, mbwa kang'ata sikio la boksi anavuta, na hapo juu yangu nikasikia mtu anamwambia Mzee Wambura asisogee karibu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikachungulia, nikaiona kofia nyekundu ya sufu, ileile niliyoonyeshwa kwenye simu ya Machaba, na mkuki umeinuliwa. Ndugu zangu, sijui ilitoka wapi, nadhani ni ile wiki nzima ya kuamkia watu, nikajikuta nimepiga magoti humohumo ndani ya gunia, mkonga unaning'inia.

"Shikamoo, baba."

Hata mbwa aliachia sikio. Mkuki ukashuka polepole, na mzee, kwa mazoea tu, akaitika marahaba, halafu ndiyo akashtuka ameitikia nini.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu mkuu akakata kamba kwa panga la kuazima, nikatoka nimelowa jasho, pumba zimejaa kichwani, na mzee alipoijua sura yangu hakucheka, aligeuka akaenda zake. Nililia jioni yote. Nikampigia Machaba nikamwambia atafute mwingine, yeye anauliza tu kama mkuki ulinigusa.

Jumamosi Machaba akaja akanikokota. Nikasimama nje ya boma la kwao, hata hodi sijapiga, nikamsikia mzee ndani anamwambia mkewe, kwa sauti ya kusudi nisikie.

"Mwambie aingie. Mtu anayeamkia wazee akiwa chini ya mkuki, huyo amelelewa. Ila mahindi yangu ayaache."

Mwenzenu nilihisi nimetuliwa ndoo ya maji kichwani. Nikaingia nacheka na kulia kwa pamoja, na nyumba ile mpaka leo ndiyo kwangu. Michezo darasani sijaacha, ila tembo sasa namchora ubaoni, tena mdogo, na kabla ya kengele ya mapumziko huwa nimeshamfuta.