Kiegemeo Kilichovikwa Foronya

Aibu ya jambo hili bado hunirudia kila nikiona kiti cha nyuma cha gari, basi bora niliseme mwenyewe kabla Swaleh hajalisimulia kwa namna yake.

Nilikuwa dereva wa madam mmoja wa mtaa wa Al Mankhool, huku ughaibuni kwa Waarabu, mama mwenye asili ya Unguja, na nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Shule sikufika mbali, ila kitabu cha gari nilikisoma chote, mara mbili, na nilikuwa nimemweleza madam (bila yeye kuuliza) kwamba kiegemeo cha kichwa si mto, kazi yake ni kulinda shingo gari likigongwa kwa nyuma.

"Haya, mwalimu," alisema.

Sasa, kiegemeo cha katikati, kiti cha nyuma, kilikuwa kinanizuia nisione vizuri kwenye kioo, na pale katikati hakai mtu, basi nikakichomoa kama kitabu kinavyoelekeza, nikakipeleka chumbani kwangu Al Baraha, nikakivika foronya aliyonitarizia mke wangu kisishike vumbi, vyuma vyake viwili nikavibana kati ya godoro na ukuta, na alasiri moja nikakilalia kidogo (nilikuwa napima tu). Jamani, ule usingizi. Nilielea. Ukungu ulishuka milima ya Taita taratibu, mke wangu akaniita kutoka ng'ambo ya bonde, na sauti yake ikawa inakaribia, inakaribia, bila kufika. Nikalala hivyo miezi miwili.

Siku ya ukaguzi wa gari, mulkia, ile kadi ya usajili, ilikuwa inakwisha siku hiyohiyo, na madam alikuja nami kwa kuwa kutoka pale tulikuwa tumpeleke mama yake kliniki, Oud Metha. Mkaguzi akahesabu viegemeo kwa kidole.

"Cha tatu kiko wapi?"

Ningesema kweli, yangeisha. Nikasema kiko kwa fundi, nikajitenga, nikampigia Swaleh, mtu wa Lamu, muuza manukato ninayeishi naye chumba kimoja, akilete upesi.

Akaja amekipakata, foronya juu yake, akapita mbele ya foleni nzima ya madereva.

"Kaka Mwakio, mto wako huu. Nimekwambia siku nyingi, ununue wa pamba."

Mkaguzi aliivua foronya polepole. Kiegemeo kilikuwa kimebonyea katikati, kinanuka mafuta ya nazi, na vyuma vimepinda, havikuingia kwenye matundu.

"Khalas," akasema. "Rudi na kipya."

Madam aliichukua foronya, akasoma maandishi ya uzi mwekundu: "Nikumbuke Ulalapo." Akaikunja, akaitia mkobani.

"Mwalimu, shingo yako lakini nzima?"

Akaita teksi akamfuate mama yake, nami nikabaki na gari, nikijua kazi imekwenda.

Asubuhi akanikabidhi foronya, imefuliwa, ndani yake mto wa pamba.

"Huu ndio wa kulalia. Kile cha gari kakinunue leo, ukitie mahali pake."

Tangu hapo sijachomoa kitu kwenye gari la mtu, hata kama kitabu kinaruhusu. Mto ninao mpaka leo, laini kabisa. Ila ukungu wa Taita haujashuka tena.