Mlango wa Kikapu

Kahawa yangu unaijua. Kama umewahi kupita Mbinga na hukuiona, basi ulipita umelala. Pakiti ya rangi ya udongo, katikati pana kikapu, na kikapu kina mistari myeusi inayopanda na kushuka kama mawimbi. Ndiyo hiyo. Niliianza nyuma ya nyumba, nikikaanga kwenye chungu cha mke wangu na kutwanga kwenye kinu cha mahindi. Leo mashine yangu ikinguruma asubuhi, mtaa mzima unajua kumekucha. Shule niliishia la saba. Wenzangu walioendelea mbele, baadhi yao ndio wanaoniandikia mahesabu.

Sheria za kazi nazo nilizijua mapema. Mkaangaji wangu alipoungua mkono, nilimpeleka hospitali mwenyewe kwa gari langu, na mshahara wake ukaendelea kwenda nyumbani kwake mpaka akapona. Afisa wa kazi alipokuja kukagua, alikuta glavu zimetundikwa, kizimamoto kiko ukutani, na mkaangaji huyo huyo anamfundisha mwenzake namna ya kusimama mbele ya moto. Afisa akakosa la kuandika, akaomba kikombe. Kuanzia siku hiyo nikajiona sheria nimeimaliza. Nilidhani sheria ni ya vitu vyenye uzito: mkono wa mtu, mashine, gari, ukuta ulioangukia kwa jirani. Mchoro una uzito gani?

Msinicheke. Sisi Wamatengo tumekulia hivyo. Kwetu Maguu, wakati wa kahawa, kila nyumba ilipeleka magunia yake chama cha msingi, na kila nyumba ilikuwa na alama yake iliyopakwa kwa rangi. Baba yangu alichora jembe. Jirani wa chini alichora nyota, wa juu yake akachora jogoo aliyefanana zaidi na bata. Hakuna aliyekwenda ofisi yoyote kusajili jembe. Hata mwizi, akiiba gunia la baba, kwanza alimwaga kahawa kwenye gunia jingine, maana kutembea barabarani na jembe la mtu mgongoni asingethubutu. Alama ilijulikana, na kujulikana kulitosha. Imani hiyo nikaibeba nzima nzima mpaka kwenye biashara ya pakiti. Nikauza Songea, nikauza Njombe, kikapu kiko mbele ya pakiti, wala sikukisajili popote.

Ndipo siku moja mke wangu akarudi kutoka harusi Songea, akaweka pakiti mbili mezani, akaniuliza, "Baba watoto, ya kwako ni ipi?"

Nikaonyesha kwa kujiamini. Nilionyesha ya mtu mwingine.

Mtu huyo ni mfanyabiashara wa mjini kule, ana mashine nzuri kuliko yangu, hilo nalikubali kwa shida. Alichukua kikapu changu kama kilivyo akakibandika kwenye pakiti yake, na kibaya zaidi alikuwa amekwisha kuomba kukisajili kiwe alama yake. Nilipompigia simu alinijibu kwa upole kabisa. "Mzee wangu, vikapu vile ni vya asili ya Wanyasa wa ziwani. Havina mwenyewe. Wewe Mmatengo wa milimani umevipata wapi?"

Nikaenda kwa wakili. Ni binti ambaye ningeweza kumzaa, ofisi yake iko juu ya duka la pembejeo, hapo hapo Mbinga mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wachache hulifanya nikiwa ninazungumza.

"Baba, una mambo mawili," akasema. "Kuna alama ya biashara, na hapo tunaweza kupinga ombi lake kwa sababu wewe ulitangulia kuitumia. Lakini kuna na mchoro wenyewe. Mchoro una mwenyewe wake, ambaye ni yule aliyeubuni. Mwenzako anasema ni wa asili, hauna mwenyewe. Wewe unasema ni wa nani?"

"Wangu. Nilimlipa fundi wa mabango akauchora."

"Akiangalia nini?"

"Kikapu kilichoko kabatini kwangu."

"Nani alikisuka?"

Mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, akaanza kuangalia dari.

"Mama mkwe wangu," nikasema.

"Alikuruhusu kuutumia mchoro wake?"

"Wakili, mimi na mama mkwe hatujawahi kuongea."

Akaweka kalamu chini. "Mligombana?"

Mke wangu akacheka. "Hapana, mwanangu. Wanaheshimiana."

Wengi siku hizi wamelegeza, lakini kwa mama mkwe wangu mila ilibaki palepale. Yeye ni wa Chiwanda, kule chini ziwani, Mwanglikana wa kanisani kila Jumapili. Mkwe wa kiume hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, wala hali naye. Ukiwa na neno unampa mtu wa katikati alifikishe, hata kama mwenyewe anakusikia vizuri kabisa nyuma ya ukuta. Mtu wa katikati akikosekana, unaongea na kuku au na jiwe, naye mama mkwe anasikia na kuchukua ujumbe wake. Tumezaa na mwanawe watoto, tumewakuza, na sura yake naijua kwa picha za ubatizo tu.

Kikapu chenyewe kilikuja na bibi arusi. Siku ile kilikuwa kimejaa unga wa muhogo na usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, na mimi nikakihesabu pamoja na vitu vya nyumba. Nilidhani kikapu kikishakuwa chako, na mchoro wake ni wako. Wakili akanieleza kwamba hapana: unaweza kumiliki kikapu ukakijaza mahindi mpaka kichakae, na mchoro ukabaki wa aliyeusuka. Akasema tukishindwa, nitaambiwa niondoe kikapu kwenye pakiti yangu mwenyewe. Nakuambia ukweli, sikuumia kwa ajili ya soko. Kahawa yangu ingeuzika hata kwenye karatasi ya saruji. Ila kikapu kile ndicho kitu cha kwanza mke wangu alichokiweka chini ndani ya nyumba yangu, wakati nyumba yenyewe haikuwa na meza ya kukiweka juu. Na mtu wa mjini anakiita hakina mwenyewe.

Basi tukashuka Chiwanda, mimi, mke wangu na wakili, kikapu kikiwa mapajani mwa mke wangu kama mtoto anayepelekwa kliniki. Barabara ya kuteremka Mbamba Bay sasa ni lami, na ziwa linakutokea ghafla upande wa kulia, ukiwa bado unafikiria breki. Njia nzima nilikuwa namfundisha wakili jinsi ya kuuliza maswali. Alivumilia.

Mama mkwe aliposikia gari langu aliingia ndani, kama kawaida. Nikawekewa kiti barazani, mgongo kuelekea mlangoni. Mke wangu akaingia kwa mama yake. Wakili akakalia mkeka pale kizingitini, nusu ndani nusu nje.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Umekula?"

"Tumekula njiani, Bibi."

"Njiani hakuna chakula. Mwambieni huyo aliyeko nje asikohoekohoe, kuku wanaoatamia wanashtuka."

Sikuwa nimekohoa. Nilikuwa nasafisha koo ili nianze kueleza.

Wakili akaeleza yote vizuri, kwa Kiswahili chepesi, na pale kilipokwama mke wangu akamalizia kwa Kinyasa. Kisha akauliza, "Bibi, mchoro huu wa mawimbi nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Naye alifundishwa na mama yake. Mawimbi yanasukwa na kila mwanamke hapa. Nenda nyumba ya pili utayakuta, nenda ya tatu utayakuta."

Yule mtu wa mjini alikuwa amesema kweli. Nikatazama ziwa, nikaanza kupanga kichwani nitaweka picha gani kwenye pakiti, na kila nililofikiria lilikuwa baya. Jembe la baba lingefaa kwa magunia, si kwa pakiti ya dukani.

"Lakini kigeuzeni," akasema mama mkwe.

Nikasikia kikapu kikisuguana na mkeka.

"Mnaona hapo mstari haukukutana?"

Mahali pale napajua. Mawimbi yanazunguka kikapu kizima, yakifika sehemu moja yanaacha uwazi wa upana wa vidole viwili, juu mpaka chini. Fundi wa mabango alidhani msukaji alikosea hesabu, akataka kupaziba. Mwenye mashine ya kuchapa naye akataka kupaziba. Mara zote mbili mke wangu alisema, "Paacheni," bila kueleza, na mimi nikaona ni maringo ya wanawake.

"Hapo sikufundishwa na mtu," akasema mama mkwe. "Hapo ni pangu. Mwanangu alikuwa anakwenda milimani kwenye baridi, kwa watu tusiowajua, wanaolima kwa kuchimba mashimo kama wanatafuta fuko. Nikasema mawimbi nisiyafunge. Niache mlango. Mlima ukimshinda, au mtu wa mlimani akimshinda, apite hapo arudi nyumbani, hakuna atakayemuuliza kitu."

Barazani hapakuwa na wa kumtazama ila kuku.

Wakili akafungua mkoba wake, akatoa pakiti ya yule mtu wa mjini. "Bibi, naye ameuacha mlango. Palepale, upana uleule."

"Naye binti yake ameolewa wapi?" akauliza mama mkwe.

Wakili akacheka mpaka akajifuta macho. Akasema hilo linatosha, kwamba mawimbi ni ya wote, ila mwenye kunakili mlango asioujua ni wa nini, amenakili kikapu hiki na si kingine. Akaandika maelezo, akayasoma kwa sauti. Mama mkwe akatia saini mwenyewe. Niliiona baadaye: mwandiko wa shule ya misheni, umenyooka kama safu ya mihogo. Wangu unatambaa.

"Sasa Bibi," akasema wakili, "haki ya mchoro ni yako. Ungependa kumpa nani aitumie?"

Nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Nampa mwanangu. Mlango ni wake. Huyo wa nje akitaka kuutumia, amwombe mkewe."

Mimi nikamgeukia kuku, maana wakili alikuwa akiandika. "Kuku," nikasema, "mwambie mama kwamba miaka yote hii mwanawe hajawahi kuupita mlango ule."

Jibu likatoka ndani.

"Mwambieni ninajua," akasema. "Ningekuwa nimemwona."

Mtu wa mjini aliondoa ombi lake kabla hata ya kuitwa, na pakiti zake sasa zina picha ya mlima. Alama imesajiliwa kwa jina la mke wangu, nami natumia kwa ruhusa yake, imeandikwa, ina mhuri. Nikichelewa kurudi nyumbani ananiuliza kama nimesoma masharti. Katika Mbinga nzima sijui tajiri mwingine anayeuza kahawa kwa idhini ya mkewe, na hilo nalo nalitangaza.

Mwaka huu binti yetu wa kwanza ameposwa na kijana wa Ruanda, hii ya kwetu Mbinga. Kijana mzuri, anasalimia. Mwezi uliopita nilishuka Chiwanda na mke wangu kupeleka habari. Mke wangu akaenda ziwani kuosha samaki, nikabaki barazani peke yangu, mgongo kwa mlango. Ndani nilisikia sufuria ikikorogwa. Nilitaka kusema mambo mengi kuhusu harusi itakavyokuwa kubwa, ukumbi, magari, na sikusema hata moja.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama mjukuu wake anaolewa. Tunaomba kikapu. Mawimbi asiyafunge."

Mwiko ukaacha kukoroga.

"Na huo mlango," nikasema, "auache mpana."

Nikasubiri. Kuku alikuwa amekwenda zake nyuma ya nyumba, pale barazani nilibaki mimi tu.

"Sufuria," nikamsikia akisema taratibu, "mwambie baba wa bibi arusi hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo."