Mashine ya Akina Mama Haitaki Mahindi Kwanza

Saa mbili asubuhi. Ukungu bado umelalia mashamba ya viazi nje kidogo ya Makambako, na fundi umeme Esteria Mligo amepiga magoti mbele ya mashine ya kusaga ya akina mama. Anawasha. Mashine inaguna, kisha breka inakata umeme.

"Umeme hauwezi mahindi, dada fundi," anasema mzee Yoeli, mwenye mashine ya dizeli ng'ambo ya barabara. "Waambie warudi kwangu, siwanunii."

Akina mama hawacheki. Aliyewauzia mashine anakuja jioni na gari; isiposaga, anaibeba. Miaka nenda rudi nyaya za umeme zilipita juu ya mahindi yao kwenda kuwasha taa za wengine, nao wakipanga foleni kwenye moshi wa Yoeli. Hilo hawajalisahau, wala hawatalisahau.

Esteria, aliyejifunza ufundi kwa kumshikia kaka yake ngazi, ameshakagua nyaya zote. Sasa anachungulia mdomo wa mashine. Umejaa mahindi.

"Nani kajaza?"

"Mimi," anajibu mama mwenyekiti wa kikundi. "Kwani kwenye kinu si unaweka kwanza ndipo unatwanga?"

"Kinu kinategemea mkono wako, mama. Hii inategemea umeme." Anawaonyesha mabomba ya mianzi yanayoleta maji kutoka mlimani. "Ule msukumo wa maji, chukulia ndiyo volti. Wingi wa maji yanayopita, ampea. Zidisha hivyo viwili upate wati, ndiyo nguvu ya kufanya kazi. Tumia wati elfu moja kwa saa nzima, mita imekula uniti moja. Sasa mashine ikiamka tumbo limejaa, inavuta ampea nyingi kwa mkupuo. Breka inakata ili nyaya zisiungue."

"Kumbe haituonei," anasema Mama Erica, mwanakikundi mwenzake.

Wanachota mahindi yote kwa mabakuli. Esteria anawasha. Mashine inaguna, inachanganya mwendo, inakolea.

"Mwaga sasa. Taratibu."

Unga unamiminika, mweupe, wa moto. Mama mwenyekiti anajipaka mashavuni kama poda. Vigelegele vinaifunika dizeli ya ng'ambo, na mzee Yoeli mwenyewe anacheka: "Haya, mmenishinda. Leo nasagia kwenu."

Esteria anafuta mikono. Mavuno yakiisha anafungua darasa la umeme hapa hapa, Jumamosi mchana, bila ada.

"Sitaki niitwe kila breka ikikata," anawaambia akina mama. "Nataka mtu akija kuwaeleza habari za umeme wenu, mumvutie kigoda, mumuulize: volti ngapi, ampea ngapi? Na asipojua, mumfundishe."