Herufi Moja Imebaki

Sina hamu na fundi wa mabango. Hakuangalii usoni, anaangalia kilichoandikwa juu ya mlango wako. Duka likikaribia kufungwa kabisa, utamwona kasimama barabarani, penseli nyuma ya sikio, midomo ikimcheza, akilivunja jina la Kiingereza la duka hilo na kutafuta maneno mengine ndani yake. Herufi za bati ni ghali, anasema, kwa hiyo hanunui, anahamisha. Kiingereza chenyewe hakijui, ila maneno anayanusa. Juzi alipanda ngazi kubandua BAKERY ya mama yangu, na mama bado yumo ndani anafagia unga wa mwisho. Nikamsikia huko juu anacheka peke yake. "B, R, A, K, E. Breki hiyo. Gereji pale imeshapata bango." Nikamwambia ashuke kabla sijaitikisa ngazi. Akashuka taratibu, akaipangusa vumbi herufi iliyobaki, akamkabidhi mama. "Hii Y haina kazi, mama. Kaa nayo." Mama akaipokea kwa mikono miwili, akamwambia ahsante. Hiyo ahsante ya mama ndiyo nisiyoweza kumsamehe yule mtu.