Mwangaluka ya Mbali

Chuo kilipofungwa kwa ajili ya corona, nilirudi nyumbani Zagayu na begi la nguo, ndoo ya kunawia yenye bomba, na elimu ya muhula mmoja na nusu ya uuguzi. Elimu hiyo ndiyo iliyonitesa. Nilijua dalili zote, dawa sikujua hata moja.

Kwenye kundi letu la WhatsApp tulipeana mbinu za kupunguza stresi. Mmoja alisema pumua huku ukihesabu hadi nne, mwingine akasema jifukize. Mimi nilifanya vyote kwa mpigo: nikajifunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini, nikahesabu hadi nne, nikatoka nimeungua pua. Nikanywa tangawizi mpaka tumbo likawaka moto, nikaandika daftarini kwamba nina dalili mpya.

Mama akaniuliza nina nini.

"Stresi."

"Inauma wapi?"

Nilipogusa kifua, akanipa jembe tukapalilie pamba. Kusema kweli, jembe lilinisaidia.

Kilichonishinda ni bibi, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yamefifia, watu akiwatambua kwa mkono. Ukimwambia "mwangaluka", salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, anakishika kiganja chako kwa mikono yote miwili mpaka amalize kuulizia ng'ombe. Niliogopa kumuua. Kwa hiyo nilisimama umbali wa mipini miwili ya jembe, barakoa usoni, nikipaza sauti: "Mwangaluka!" Mkono wake ulinyooka, ukangoja, ukarudi kwenye khanga. Nami nikajiona mtaalamu.

Maelezo nilimpa, tena marefu, kwa Kiswahili cha darasani, yeye ambaye Kiswahili hukisikia redioni tu. Maambukizi, nikasema, hukaa kwenye mikono michafu. Akaitikia kwa kichwa.

Wiki ya tatu nilimkuta kwenye ndoo yangu, anajisugua kwa sabuni ya kufulia na jivu. Alikuwa amesugua muda mrefu. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja kwa maji. Aliposikia hatua zangu akaninyooshea viganja.

"Nimenawa, mjukuu wangu. Hebu angalia kama imetakata."

Nilisimama palepale kwenye mipini yangu miwili, nikahesabu hadi nne. Haikusaidia. Nikamwambia, safari hii kwa Kisukuma, kwamba mikono ninayoiogopa ni yangu.